Kisu cha Nangila Hakiazimwi

Kofi la kwanza ambalo Nangila analikumbuka lilitua kwenye mkono wake wa kushoto, na mkono wenyewe ulikuwa umeshika kijiko cha uji. Alilelewa Myanga, huko Bungoma, na nyanya yake, Kukhu Nekesa, mama wa kanisa aliyeomba kabla ya kula, baada ya kula, na katikati ya kupiga. "Huo mkono ni wa choo!" alisema Kukhu, mwiko uko hewani. "Siku moja utapatia pasta chai na mkono wa choo?" Nangila alihamisha kijiko kulia. Kukhu akigeuka kuangalia sufuria, kijiko kimesharudi kushoto, kama kuku anayejua mahali anapotaga. Kofi lingine.

Mwiko uliposhindwa, ikaletwa kamba ya katani. Mkono wa kushoto ulifungwa nyuma ya mgongo wakati wa kula, wakati wa kufagia, wakati wa kuchambua maharagwe. Watoto wa majirani walikuja kutazama bure. Shuleni mwalimu alitumia rula ya mbao, tena kwa ukingo wake, kwenye vifundo vya vidole. Nangila akajifunza kuandika na mkono wa kulia. Hadi leo mwandiko wake ni kama mende aliyenusurika kwenye wino.

Lakini panga si kalamu. Siku moja Kukhu alimtuma kukata majani ya ng'ombe, akamwambia panga lishikwe kulia, na lisiposhikwa kulia asirudi nyumbani. Panga likashikwa kulia. Halikwenda alikoangalia. Lilishuka kwenye mkono wa kushoto uliokuwa umekusanya majani, likaondoka na ncha ya kidole cha shahada. Nangila alirudi mbio akilia, damu ikimchorea njia nzima. Unajua Kukhu alisema nini? "Unaona? Huo mkono unajipeleka wenyewe kwenye makali." Akampiga kwanza, ndiyo baadaye akamfunga kitambaa.

Kwa hivyo Nangila alipofika Kitale, msichana mkubwa, miaka ya mwanzo ya elfu mbili, alikuwa ameshazoea kuficha mkono wake mmoja kama mtu anavyoficha ndugu mlevi. Alikuja kupiga mahindi, ile kazi ya kutwanga magunia kwa rungu mpaka punje zitoke na mabega yatoke pia. Hapo ndipo akala zake zilipokatika mkanda.

Nyuma ya soko la Kitale kulikuwa na banda la mafundi wa akala, wale wanaochukua tairi iliyokufa na kuifanya viatu visivyokufa. Tairi zilitoka kwa malori na trekta za mashamba makubwa, zikarundikwa pale kama maiti za nyoka. Mafundi walikaa mstari mmoja juu ya gogo refu la mkaratusi, lililoinuliwa kwa mawe, uso kwa barabara, na kila mmoja alikuwa na kigogo kifupi cha kukatia mbele ya magoti yake. Aliyeketi katikati ya wote alikuwa Absalom, mwenyekiti wa banda, mzee mpole wa sauti ndogo, anayependa amani kiasi kwamba angemwacha mwizi amalizie chai.

Foleni ilikuwa ndefu. Nangila akachoka kungoja, akaokota kisu kilicholazwa juu ya kigogo, akajikatia mkanda mwenyewe. Alitumia kushoto. Alikuwa amesahau kuuficha. Vichwa vikageuka mstari mzima.

"Rudia," Absalom alisema.

Akarudia. Kisu kiliuma, kikayumba kidogo, yeye akakirudisha kwa nguvu, mkanda ukatoka umenyooka.

"Na kisu kimenolewa kwa mtu wa kulia," Absalom alisema, akimwambia fundi mmoja, Mathenge. "Sasa fikiria akiwa na chake."

Maneno hayo yanahitaji maelezo, kwa sababu watu wengi wanadhani kisu ni kisu. Kisu cha kukatia soli kinanolewa upande mmoja tu. Upande mwingine unabaki bapa, unalala kwenye mstari, na kisu kinanyooka. Lakini ukikihamishia mkono wa pili, ule mteremko wa makali unageukia upande mbaya, na kisu kinaanza kukuvuta kama mbuzi aliyeona mahindi. Na tairi si mkate. Unaikata kwa nguvu ya mwili mzima, makali yamelowekwa maji ya sabuni ili yateleze. Kisu kikienda upande usiotakiwa, kinaenda na nguvu hiyo hiyo yote.

Absalom akatafuta kipande cha springi ya lori, akakifua, akakinoa kwa tupa upande wa pili, kinyume cha visu vyote vya banda. Hakumpa mkononi. Pale hakuna aliyempa mwenzake kisu mkononi. Unakilaza kwenye gogo, unatoa mkono wako, ndiyo mwenzako anachukua. Alikilaza. "Hiki ni chako. Usichukue cha mtu, na mtu asichukue chako. Kisu cha Nangila hakiazimwi. Mmesikia?"

Wakasikia. Akapewa na mahali pa kukaa: mwisho wa gogo, mkono wa kushoto kabisa, pale banda linapokutana na njia ya kwenda steji ya matatu. Mtu wa kulia akivuta kisu, kiwiko chake kinatoka kulia. Nangila akivuta, kiwiko kinatoka kushoto. Akiwa mwisho wa gogo upande huo, kiwiko chake kinapiga hewa tu. Mathenge ndiye alikuwa jirani yake, na viwiko vyao havikuwahi kusalimiana.

Hapo ndipo Nangila alipoanza kuishi. Alichagua tairi zake kwa kuzigonga na kuzikunja. Yenye nyuzi ndani aliichukua, yenye waya aliisukuma kando, kwa sababu waya unavunja makali na kuyarusha. Kisu kikimponyoka, aliondoa magoti akakiacha kianguke. Mafundi wawili pale walikuwa na viganja vilivyoshonwa kwa sababu walijaribu kukidaka. Wateja wakaanza kuulizia "akala za Mama Mashoto". Mama wa nani, hakuna aliyejua. Hakuwa na mtoto. Jina la heshima hupewi na tumbo.

Halafu akaja Mukhisa.

Mukhisa alikuwa jitu. Shingo lake lilianzia kwenye masikio. Alikuwa amefanya kazi ya kubeba magunia, akapigana na mwenye lori, akaja bandani na kisu chake na ndugu zake waliozagaa steji nzima. Kukata alijua, ubishi haupo. Alikata kama anayelipiza kisasi. Akaangalia gogo kutoka mwanzo hadi mwisho, akaona mwisho ule wa kushoto ndio wateja wanaukuta kwanza wakitoka steji.

"Sasa mwenyekiti," alimwambia Absalom, bila kuketi, "hapa mlangoni mmeweka nani? Mwanamke. Tena wa mkono mbaya. Mteja akifika anaona nini?"

"Anaona akala," Nangila alisema.

"Sikuongea na wewe."

"Na mimi sikukujibu. Nimemwambia mteja."

Watu wakacheka. Mukhisa hakucheka. Asubuhi iliyofuata Nangila alimkuta ameketi mahali pake, kigogo chake kimetupwa kwenye matope.

"Hiyo ni kiti yangu," Nangila alisema.

"Imeandikwa?"

"Toka, bana. Nina kazi."

Akanyoosha mkono kuokota kigogo chake. Mkono wa kushoto, kwa sababu ndio ulionyooka wenyewe. Mukhisa akaupiga kwa bapa la kisu, paa, mpaka vidole vikafa ganzi. "Huo usiuonyeshe hapa. Hapa watu wanakula."

Nangila alimrukia. Alimpiga kichwa cha pua, na pua ya Mukhisa ikafunguka kama bomba la manispaa. Mukhisa akamshika nywele, akamburuta akamgonga uso kwenye rundo la tairi, mara moja, mara tena, mpaka Mathenge na mwingine wakamkalia mgongoni. Kisu kilikuwa kimeanguka chini katikati yao muda huo wote, na kila mguu uliokanyaga pale uliponea kwa bahati. Walipotenganishwa, Nangila alikuwa na jicho lililofunga na jino linalocheza. Absalom akaja na sauti yake ndogo.

"Mama, keti katikati tu kwa leo. Tusimwage damu kwa sababu ya mahali pa kukaa."

"Imeshamwagika, mzee."

"Kwa leo tu."

Mathenge hakutaka kusogea karibu na Mukhisa zaidi ya alipokuwa, kwa hivyo Nangila akakaa upande wa pili wa Mathenge. Hesabu ya viwiko unaijua. Sasa mkono wake wa kazi ulikuwa unatokea pale pale mkono wa kazi wa Mathenge unapotokea. Asubuhi ile walipishana kwa kuitana. "Navuta!" "Vuta!" "Navuta mimi!" Kama watu wanaovuka daraja la mti mmoja. Kufikia mchana mteja mmoja alikuwa anawaharakisha, kila mmoja akasahau kuita, wakavuta pamoja. Kisu cha Nangila kiliingia kwenye mkono wa Mathenge chini ya kiwiko na kupasua hadi karibu na kifundo. Nyama ilifunguka kama zipu.

Mathenge aliangalia mkono wake, akasema, "Ai," polepole, kama mtu aliyesahau kufunga mlango. Halafu akaanguka.

Walimfunga, wakambeba, akashonwa. Aliporudi, mkono umening'inia kwenye kitambaa, jambo la kwanza alilosema ni, "Ni ajali. Wala msimguse. Huyu akae mwisho, vile alikaa. Kwani shida iko wapi?" Lakini Mathenge alikuwa mmoja, na mdomo wa Mukhisa ulikuwa umeshafanya kazi. Alikuwa ameshawaambia wote kwamba mkono wa kushoto una kiu ya damu, kwamba kwao mtu kama huyo hapewi hata kuchinja jogoo. Wanaume waliokaa pembeni ya Nangila miaka bila mkwaruzo walianza kukaa na mkono mmoja umefunika mwingine.

Absalom akatoa uamuzi. Aliutoa akiangalia chini. "Mama, ama ukate na mkono wa kulia kama watu wengine, ama utafute banda lingine."

"Mzee, wewe ndiye ulininolea kisu."

"Najua."

"Wewe ndiye uliniweka pale mwisho!"

"Najua, mama. Lakini hawa wote nitawaweka wapi?"

Nangila akafikiri kuondoka siku ile ile. Lakini kuondoka kwenda wapi? Kurudi kupiga mahindi kwa rungu? Kurudi Myanga kwa Kukhu na kamba yake? Kazi hii ndiyo mahali pekee duniani ambapo mkono wake uliwahi kusifiwa. Akasema atajaribu.

Mukhisa alikuwa amengojea neno hilo. "Kujaribu peke yake atadanganya," alisema. "Ule mkono utarudi. Tuufunge." Akachana ukanda mrefu wa tyubu, ule mpira mweusi ambao Kitale nzima inafungia mizigo kwenye baiskeli. Nangila alirudi nyuma. Wawili wakamshika mabega. Alipiga teke, akauma kidole cha mtu mpaka kikatoa sauti, akapigwa ngumi ya mbavu, pumzi ikamtoka. Mukhisa akamfunga mkono wa kushoto kiunoni, akazungusha mpira na kuuvuta mpaka vidole vikawa rangi ya maini. Absalom alikuwa amegeuka anainoa tupa. Tupa hainolewi.

"Haya, Mama Mashoto. Kata."

Wakamsukumia tairi ya lori. Hakuchagua yeye. Kwa kuwa mkono wa kushikilia ulikuwa umefungwa, akaibana kwa mguu juu ya kigogo. Na kisu? Wakampa kile kile chake, kwa sababu cha Nangila hakiazimwi na yeye haazimi cha mtu. Sheria hiyo moja waliikumbuka. Kisu kilichonolewa kwa mkono wa kushoto, kwenye mkono wa kulia usiojua chochote, juu ya tairi yenye waya. Hata ungekaa chini kupanga jinsi ya kumlemaza mtu, usingepanga vizuri hivyo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amepanga.

Alivuta. Kisu kikaanza kwenda pembeni. Akajaribu kukirudisha, kikagonga waya, kikaruka, kikashuka juu ya mguu wake, kati ya mikanda ya akala aliyoitengeneza mwenyewe.

"Amejichinja!" Mukhisa alipiga kelele akicheka. "Ati amejichinja!" Alicheka mpaka damu iliposukumwa kando na ile nyeupe ya ndani ikaonekana, kamba ya kidole imekatwa na ncha zake zimejikunja kama mnyoo. Absalom ndiye aliyekimbia. Alikata ule mpira wa tyubu kiunoni kwa Nangila, akaufunga kwenye mguu juu ya kidonda, akiomba msamaha kwa kila mzunguko. Nangila alimtemea mate usoni. Mzee hakuyafuta mpaka alipomaliza kufunga.

Alishonwa. Muuguzi alimwambia kidonda kitapona ila kidole gumba hakitainuka tena. Ndivyo ilivyo. Akitembea, kidole hicho kinaburuta chini kama mtoto asiyetaka kwenda kanisani, na hakuna akala inayokaa mguuni mwake bila mkanda wa kisigino.

Alikaa chumbani mwake wiki kadhaa, mguu juu ya debe. Mathenge, mkono wake bado na nyuzi, alikuwa anampelekea unga na habari.

"Mukhisa yuko pale mwisho," alimwambia. "Amejitanua kama DC."

"Na kisu changu?"

Mathenge akaangalia dari.

"Mathenge. Kisu changu."

"Alikitumia. Kikamharibia soli, akasema umekiroga. Sasa amekinoa upande wa pili, bana. Pande zote mbili. Si cha kulia, si cha kushoto. Kinakata ugali."

Kesho yake Nangila alivaa akala, akafunga mkanda wa kisigino, akatoka akichechemea mpaka kwa muuza kuni aliye karibu na soko.

"Niazime shoka."

Muuza kuni aliona macho yake yanavyowaka. Akampa panga.

"Panga ni la matawi," Nangila alisema. "Nimesema shoka."

"Dada, unaenda kumuua nani?"

"Gogo."

Na hapa ndipo ninampendea huyu mama. Hasira ilikuwa imemfika masikioni, mtu mwingine angenyakua shoka la kwanza akakimbia. Yeye alilitikisa. Kichwa kilicheza. Akalirudisha. La pili mpini ulikuwa na ufa. Alilipitisha kiganja, akalirudisha. La tatu aliligonga kitako chini, akasikiliza, akapitisha kidole gumba kukingama makali, si kuyafuata, akatosheka. Akalibeba kichwa kikiwa mkononi, makali yakiangalia nje, kama anavyobeba mtu anayetaka kufika.

Banda lilimwona akija. Visu vyote vikasimama.

"Mama," Absalom alisema, akainuka. "Mama, tafadhali."

Nangila alimpita. Alimfikia Mukhisa, aliyeketi pale mwisho wa gogo na kisu mapajani, akasimama kando yake, akapanua miguu. Mguu mbovu nyuma.

"Kama mtu hataki kukatwa, asogee," alisema.

Mathenge na wengine wakaruka kutoka kwenye gogo kama ndege. Mukhisa hakuruka. Alikuwa na ndugu zake wakiangalia kutoka steji, na jitu haliwezi kukimbia mwanamke mlemavu mbele ya ndugu. "Piga," alisema. "Piga tuone."

Shoka lilipanda kutoka bega la kushoto na kushuka. Halikumgusa. Liliingia kwenye gogo, hatua moja kutoka paja lake, pale mahali pa Nangila zamani palipokutana na pa Mathenge. Kibanzi kikamruka Mukhisa shavuni na kuacha alama. Likapanda tena. Likashuka. Alipiga mara moja kwa kuegemea huku, mara moja kwa kuegemea kule, hivyo ufa ukafunguka kama mdomo, na hakuna pigo lililoanguka mahali asipoangalia. Watu walirundikana. Mtu aliacha mkokoteni katikati ya barabara. Mukhisa aliketi bado, jasho linamtiririka, taya limekaza, akitetemeka na gogo kila shoka linapoingia.

"Hilo ni gogo la wote!" Absalom alilia.

"Wote wabaki na lao," Nangila alisema, bila kusimama. "Mimi nakata pangu."

Gogo likalia. Mwisho wa kushoto ukavunjika, ukateleza kwenye jiwe lake, na Mukhisa akaenda nao, miguu juu, kisogo kwenye matope. Soko zima likacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomtoa akili. Aliinuka na kisu, akaja chini chini, akilenga tumbo.

Nangila alikuwa na shoka mkononi, tena mkono unaojua kazi. Walioshuhudia wanasema waliona kichwa cha Mukhisa kimeshapasuka kabla ya chochote kutokea. Lakini aligeuza. Makali yakaangalia nyuma, kwake mwenyewe, na mpini ukatangulia. Ulimpiga Mukhisa mdomoni. Meno yalitoka na damu pamoja, akapiga hatua nyingine, kisu kikapita kwenye kanga ya Nangila na kuchana ubavu kidogo, na mpini ukarudi kwa upande wa pili na kumkuta kwenye taya. Ulisikika mlio kama muwa unapovunjwa. Mukhisa alikaa chini. Alishika uso wake kwa mikono yote miwili, akijaribu kuurudisha ulipokuwa.

Nangila alisimama juu yake, anapumua kama trekta. "Kisu changu kiko wapi?"

Mukhisa hakuweza kusema. Mathenge akakileta, akakilaza juu ya gogo, akatoa mkono. Nangila akakiangalia: makali huku, makali kule. Akakitupa kwenye rundo la tairi.

"Ondoka, mama," Absalom alimwambia, ameshika kofia. "Ndugu zake wanakuja. Kwa jina la Mungu, ondoka."

"Naondoka. Lakini na kiti yangu."

Ndugu walikuwa wameshaanza kushuka kutoka steji na mawe, na mtu mwenye akili angekimbia. Nangila na Mathenge waliviringisha kile kipande cha gogo mpaka kwenye mkokoteni. Jiwe moja lilimpata Nangila begani, lingine likampasua mwenye mkokoteni kichwa, na ndiyo ulikuwa mkokoteni uliokwenda kwa kasi zaidi katika historia ya Kitale. Lori la mahindi likawapokea barabarani. Alifika Bungoma ameketi juu ya magunia, damu imekauka ubavuni, gogo kando yake. Shoka, alilirudisha kwa mwenyewe kupitia kwa Mathenge.

Bungoma alipata baraza karibu na msikiti, kando ya fundi wa nguo aliyeitwa Zaitun, mjane mwenye ulimi. Zaitun alimwona akilaza kipande cha gogo mwishoni mwa baraza, upande wa kushoto, akakipima kwa mikono yote miwili.

"Mama, umetoka nacho wapi hicho kisiki?"

"Kitale."

"Miti imeisha Bungoma?"

"Hiki nimekipigania."

Zaitun aliangalia bega, ubavu, mguu. "Naona ndicho kilishinda."

Wakawa marafiki. Nangila alikwenda kwa mhunzi, akafuliwa kisu kipya cha springi, akakinoa mwenyewe upande mmoja, upande wake. Kabla ya kukata tairi ya kwanza aliketi, akanyoosha mkono wa kushoto wote na fimbo ya urefu wa kisu, akazungusha, na mahali ncha ilipofika akachora mstari wa chokaa sakafuni.

"Ni wa nini?" Zaitun aliuliza. "Ni uchawi? Niambie mapema nihame."

"Ni mwisho wa kisu changu. Hapa ndani mtu haingii kisu kikiwa mkononi. Hata wewe."

"Na mteja?"

"Hata mteja."

"Utakufa njaa, Nangila."

Mteja wa kwanza alikuwa mwanamume wa makamo, mtu wa koti, kutoka ofisi fulani ya serikali. Alisimama akiangalia kisu kinavyopita. Alivutiwa, akasogea, akainama, kiatu chake kikakanyaga chokaa. Kisu kikasimama. Nangila akakilaza juu ya kigogo, akaweka mikono yote miwili magotini.

"Endelea, endelea," mtu wa koti alisema. "Mimi naangalia tu. Kumbe unatumia huo mkono?"

"Rudi nyuma ya mstari, baba."

"Mimi? Unanifukuza na mimi ndiye nanunua?"

Zaitun alisimamisha cherehani yake. Mitaani watu walipita, na wengine wakasimama, kwa sababu Bungoma hakuna sinema ya bure inayopitwa. Nangila hakuinua sauti. Mkono wa kushoto ulibaki pale gotini, wazi, kidole kimoja kifupi, kila mtu anauona.

"Mimi sina haraka," alisema. "Kisu kinangoja."

Mtu wa koti akaangalia mstari, akaangalia mkono, akaangalia ule mguu wenye kidole kilichokufa. Akavuta kiatu chake nyuma. Nangila akachovya makali kwenye maji ya sabuni, akaokota tairi, akavuta.